Mavi ya chuma shambani: gradiomita, kapamita, au kukata kipande cha tanuri?

Ukilima Bunyoro, magharibi ya Uganda, iwe upande wa Hoima, Masindi au Kakumiro, ipo siku jembe litagonga kitu kizito, cheusi, chenye matundu kama andazi lililoungua. Kando yake utaokota vipande vya mabomba ya udongo, vimeiva hadi vikawa kijivu, ncha moja imeyeyuka ikang'aa kama chupa. Hayo ni mavi ya chuma, na hayo mabomba ndiyo yaliyopitisha upepo wa mvukuto. Wahunzi wa zamani, abaheesi kwa Kinyoro, waliyeyusha chuma mahali hapo. Tanuri lenyewe huwa halionekani: kuta zilianguka, mvua ikazifukia, na watu wamepanda mihogo juu yake.

Mimi ni mpima viwanja. Nilizaliwa Bombo, nafanya kazi Hoima, na riziki yangu ni mipaka ya ardhi, si mambo ya kale. Lakini mwenye kamba, vigingi na jicho la mistari iliyonyooka haachwi apumzike, na watafiti wamenichukua mara kadhaa niwapangie miraba. Tangu hapo walimu, vijana wanaotembeza wageni na wenye mashamba huniuliza: mashine ipi inafaa? Huwa nawarudishia swali. Unataka kujua tanuri liko wapi, lilifanyaje kazi, au ni la lini? Vipimo vya sumaku viko zaidi ya kimoja na kila kimoja kina swali lake. Nimewaona watu wakilipia jibu la swali ambalo hawakuuliza.

Moto unaacha nini kwenye udongo

Udongo wetu mwekundu umejaa madini ya chuma, hasa hematiti, ambayo sumaku yake ni hafifu. Ukichomwa katikati ya makaa, pasipo hewa ya kutosha, sehemu ya hematiti hugeuka magnetiti, yenye sumaku kali. Ukipoa huku hewa ikiingia, baadhi yake hugeuka maghemiti, nayo kali vilevile. Kwa hiyo udongo uliochomwa huitikia sumaku kuliko udongo wa jirani yake ambao haukuonja moto. Hilo ni badiliko la kwanza.

La pili linanishangaza hadi leo. Magnetiti ikipashwa kupita nyuzi 580 za Selsiasi, na hematiti kupita kama 675, husahau sumaku yote iliyokuwa nayo. Ikianza kupoa huishika upya, kwa kufuata mwelekeo wa sumaku ya dunia siku ile, na hubaki nao kwa maelfu ya miaka. Ukuta wa tanuri basi ni dira iliyoganda. Ukianguka baada ya kupoa, vipande vyake huanguka na dira zao, kila kimoja kikielekeza kwake.

Kapamita, kipimo kidogo cha kugusisha udongo, hupima badiliko la kwanza peke yake. Gradiomita, mashine ya kutembea nayo shambani, huona yote mawili yakiwa yamechanganyika. Kukata kipande cha ukuta na kukipeleka maabara ni kwa ajili ya lile la pili.

Gradiomita: swali la "liko wapi"

Kazi hii ilianzia kwenye matanuri. Mwaka 1958 Martin Aitken wa Oxford alibeba magnetomita ya protoni, mashine ya kupima nguvu ya sumaku, hadi mashambani karibu na Water Newton, Uingereza, ambako barabara ilikuwa inapanuliwa, akitafuta matanuri ya wafinyanzi wa enzi ya Warumi. Akapata. Mashine ile ilikuwa ya kusimama na kungoja kila kipimo. Za siku hizi, za aina ya flaksigeti, husoma huku unatembea.

Gradiomita ni nguzo yenye vihisi viwili, kimoja juu ya kingine, vimeachana nusu mita au mita moja. Sumaku ya dunia hapa Uganda ni kama nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) 33,000 hadi 34,000, ndogo kuliko ya Uingereza iliyo karibu 49,000, nayo hupanda na kushuka mchana kutwa. Vihisi vyote viwili huonja mabadiliko hayo kwa pamoja, kwa hiyo ukitoa cha juu kwa cha chini kinabaki kile kilicho chini ya miguu yako. Shimo la kale la takataka hutoa nanotesla chache tu. Tanuri hutoa mamia, na lundo la mavi ya chuma linaweza kupita elfu. Ndiyo maana wataalamu husema tanuri ndilo kitu rahisi kuliko vyote kukiona kwa sumaku.

Urahisi huo una masharti yake. Kwanza ni nafasi kati ya mistari. Vitabu vingi vinasema mita moja, na kwa tanuri kubwa la vigae vya Kirumi inatosha. Tanuri la mhunzi wa huku mara nyingi halifiki mita moja na nusu kwa upana, na kwa mistari ya mita moja utalipata kama doa lisilo na umbo, usijue ni tanuri moja au mawili yaliyobanana. Nenda kwa nusu mita. Mraba wa mita 20 kwa 20 unakuwa mistari 40, mita 800 za kutembea kwa mwendo mmoja kama askari wa gwaride, kwenye matuta ya viazi. Ukijikwaa, rudia mstari.

Pili ni chuma chako mwenyewe. Siku ya kwanza nilifanya kama ninavyofanya kila siku: nikapigilia nondo fupi kwenye kona nne za kila mraba, nikanyoosha kamba, nikasimama pembeni nikiwa nimeridhika. Jioni ramani ilipotoka, kila kona ilikuwa na doa jeusi na jeupe kubwa kuliko tanuri lolote. Msichana aliyekuwa akiendesha kompyuta alinitazama akauliza, "Mzee, hizi pembe umeziwekea nini?" Siku ya pili tulichonga vigingi vya miti. Pia nilivua mkanda, nikaacha simu na funguo, na bado mashine ililia kila nilipoisogelea, mpaka tukagundua ni viatu: gambuti zangu zina bati kwenye soli. Bodaboda ikipita njia ya jirani, simama mpaka ipotee. Na jiwe la mpaka la serikali, lile la zege, lina chuma ndani, kwa hiyo usichore mraba wako ukilizunguka.

Tatu ni kusoma ramani yenyewe, na hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinapopotosha. Kule sumaku ya dunia inazama ardhini kwa pembe kali, hivyo tanuri hutokea kama kilima cha namba karibu juu yake lenyewe, na kibonde kidogo upande wa kaskazini. Sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku, mistari yake inakaribia kulala. Kwa mashine za protoni au sesiamu, hapa kwetu bonde la namba ndilo hukaa karibu juu ya tanuri, na kilima husogea kaskazini. Kwa flaksigeti inayosoma wima, tanuri hukaa kati ya viwili hivyo, kilima kusini na bonde kaskazini. Niliwahi kuona shimo la majaribio likichimbwa kwa uangalifu mkubwa juu ya kilima, likatoka tupu, na ukuta uliochomwa ukachungulia kwenye kingo ya shimo, upande wa pili. Mchimbaji alikuwa na miaka mingi ya kazi. Kitabu chake tu ndicho kilikuwa cha nchi nyingine.

Nne ni nchi yenyewe. Kisoro, miteremko ya Elgon, na eneo la mashimo ya volkano la Fort Portal lina mawe yenye sumaku kiasi kwamba tanuri hupotea ndani yake kama sauti ya mtoto sokoni. Moramu, ile changarawe nyekundu ya barabarani, nayo ina chembe za maghemiti, na mahali popote ilipomwagwa kujaza njia, mashine itapiga kelele. Halafu kuna majirani wa kisasa: tanuri la matofali la mwaka juzi, tanuru la mkaa, jiko la waragi, pombe kali ya kienyeji, lililohamishwa. Yote yalichoma udongo, na gradiomita haiulizi mwaka.

Pamoja na hayo, kwa eneo kubwa hakuna kinachoishinda. Kule Meroe, Sudan, tukishuka na Nile, mto huuhuu unaotoka kwetu, Jane Humphris na wenzake walipima malundo makubwa ya mavi ya chuma kwa sumaku kabla ya kuchimba, na ramani ikawaelekeza karakana za matanuri zilikojificha. Kule Snorup, Denmark, wahunzi walichimba shimo chini ya tanuri ili uchafu ulioyeyuka ushuke na kugandia humo; donge hilo hubaki lilipopoa, na kila donge hutokea kwenye ramani kama nukta. Matanuri mengi ya nchi za Maziwa Makuu yalikuwa na shimo la namna hiyo. Donge lililo ndani ya shimo limeganda na mwelekeo mmoja, hivyo hutoa alama safi. Donge lililotolewa na kutupwa kwenye lundo hutoa vurugu. Ukiona nukta safi nje kidogo ya vurugu, anzia hapo.

Bei? Gradiomita nzuri inakaribia gari la mtumba. Hainunuliwi na klabu ya shule. Huazimwa, na ikiazimwa huja na mtu wake.

Kapamita: ndogo, polepole, lakini haidanganyiki kirahisi

Kapamita imepata jina kwa herufi ya Kigiriki, kapa, ambayo wanafizikia huitumia kwa kipimo cha namna kitu kinavyoitikia sumaku. Za jiolojia zinaenea kiganjani, na bei yake ni kama ya bodaboda mbili. Unaishikisha kwenye ukuta, jiwe au udongo, unabonyeza, namba inatokea. Ipo pia ya pete yenye upana wa sentimita 18 hivi, unayoiweka juu ya ardhi na kuondoka nayo hatua kwa hatua.

Kasoro yake iko wazi: haioni mbali. Pete ile inaonja kama sentimita 10 za juu, na ya mkononi chini ya hapo. Tanuri lililo chini ya nusu mita ya udongo safi halipo, kwa maoni yake. Tena ni kazi ya polepole: mraba uleule wa mita 20 kwa 20, ukipima kila mita, ni vituo zaidi ya 400 vya kuinama. Mgongo utakueleza.

Lakini shamba linalolimwa kila mwaka jembe limekwishakusaidia. Limeinua chembe za udongo uliochomwa na kuzichanganya juu, na kapamita huona wingu hilo hata kama tanuri lenyewe liko chini zaidi. Haitakupa umbo. Itakupa mtaa, na ndani ya mtaa huo ndipo uite gradiomita.

Mahali inapong'ara ni shimo likishachimbwa. Chukua ukuta wa shimo, safisha kwa mwiko, upime kila sentimita 2 kutoka juu kwenda chini. Macho yanaona udongo mwekundu juu ya udongo mwekundu. Namba zinaonyesha kilipochomwa, kilipomwagwa, na kile ambacho ni rangi ya asili tu. Kwa mahali kama Kibiro, kwenye Ziwa Albert, ambako wanawake wamechemsha maji ya chumvi juu ya mafiga kwa karne nyingi na majivu yamerundikana tabaka juu ya tabaka (Graham Connah alipachimba mwishoni mwa miaka ya 1980), singetembea na gradiomita hata kwa bure. Kila hatua ni jiko juu ya jiko. Ningekaa mbele ya ukuta wa shimo na kapamita, siku nzima, na thermosi ya chai.

Kama hata kapamita haipatikani, kuna ya maskini, nayo naipenda kuliko zote. Toa sumaku kwenye spika mbovu, itie ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), funga kwa kamba, buruta juu ya udongo mkavu uliochambuliwa. Kisha geuza kavera ndani nje juu ya karatasi nyeupe, na kila kilichonasa kitaanguka. Tazama kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vijigamba vyembamba, bapa, vya kijivu kinachoelekea buluu, hayo ni magamba yanayoruka mhunzi akigonga chuma cha moto. Basi hapo palikuwa pa kufulia chuma, si lazima pa kuyeyushia. Ukiona punje za mviringo, nyekundu au nyeusi, kama mtama, huenda ni moramu ya asili. Tofauti ya kuyeyusha na kufua hakuna gradiomita itakayokuambia kwa namba peke yake.

Na simu? Naulizwa sana. Ndiyo, simu ina kihisi cha sumaku, ndicho kinachoendesha dira yake. Lakini kinasoma kwa mikrotesla, na mikrotesla moja ni nanotesla 1,000. Ukiilaza juu ya donge la mavi ya chuma namba itaruka, watoto watashangilia. Kutafuta tanuri lililofukiwa kwa simu ni sawa na kupima chumvi kwa mizani ya magunia.

Radi, na kwa nini nataka zote mbili

Nchi yetu ni ya radi. Eneo la Ziwa Viktoria na magharibi ya Uganda hupigwa kuliko sehemu nyingi za dunia, na radi ikipiga ardhi, mkondo wake huupa udongo sumaku ya kudumu. Kwenye ramani ya gradiomita alama yake ni kubwa, mara nyingine kama mstari, mara nyingine kama nyota yenye miguu. Mgeni akiona atasema tanuri.

Lakini radi haikuupika udongo. Haikugeuza hematiti kuwa magnetiti kwa kiasi cha kutosha kuonekana, kwa hiyo kapamita ikipita hapo haitikisiki. Tanuri likiwa karibu na juu linaonekana kwa zote mbili. Kipimo hicho cha kukutanisha mashine kinachukua dakika kumi kwa kila doa, na kimeniokolea mashimo mengi ya bure kuliko hila nyingine yoyote ninayoijua. Kwenye shamba la Mzee Araali (hiyo ni empaako yake tu, jina la heshima la Kinyoro; majina mengine namwachia) gradiomita ilitoa madoa saba. Kapamita ilikubali matatu. Moja likawa jiko la waragi, na yeye mwenyewe alilikumbuka tulipoligusa, akacheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, hilo ni la marehemu shemeji yangu. Hata polisi hawakuliona." Mawili yakabaki.

Kukata kipande: liliwaka vipi, na lini

Hapa tunaondoka shambani kuelekea maabara, na hapa ndipo pesa hupotea zaidi.

Anza na swali la joto, maana watu hulisahau. Maabara hupasha kipande kidogo kwa hatua, nyuzi 100, 200, 300 na kuendelea, ndani ya kasha lililokingwa sumaku ya dunia, na kila hatua hupima kilichobaki. Kipande kilichowahi kufika nyuzi 400 tu hubeba kumbukumbu mbili: chini ya 400 ni moto wa mwisho, juu ya 400 ni hali ya zamani zaidi. Kilichopita 680 hubeba moja. Hivyo udongo wa chini ya tanuru la mkaa, ambao haukuungua sana, hutengana na ukuta wa tanuri la chuma bila kubishana. Zaidi ya 680 njia hii inanyamaza, kwa sababu kila kitu kimekwishafutwa. Kujua kama tanuri lilifika nyuzi 1,200 unahitaji kutazama namna udongo ulivyoyeyuka, si sumaku.

Kwa kazi hii huhitaji kujua kipande kilielekea wapi. Kinaweza kuwa cha kuokotwa, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mabomba ya mvukuto ndiyo yanayookotwa zaidi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu wahunzi wa Buhaya, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, wakisema mabomba yaliingizwa ndani sana ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wengine walipinga, na ubishi ukaendelea miaka mingi. Bomba moja zima, likipimwa kila sentimita 5 kutoka ncha hadi mkiani, lingeonyesha joto liliishia wapi, na hivyo ni urefu gani ulikuwa ndani. Ningekuwa na sampuli za kulipia chache, ningezitumia hapo kabla ya kuuliza mwaka.

Sasa mwaka. Mwelekeo wa sumaku ya dunia hubadilika karne kwa karne. Ukijua ulivyobadilika mahali fulani, unalinganisha dira iliyoganda kwenye ukuta na orodha hiyo na kupata wakati. Masharti ni magumu. Ukuta uwe pale pale ulipopoa. Ukiwa umeinama nyuzi 5 kwa sababu ya mzizi wa mvule, umeharibika. Chukua vipande kumi na zaidi, kila kimoja kikipakwa plasta juu, kikisawazishwa kwa pimamaji, kikichorwa mshale wa kaskazini kabla ya kukatwa. Dira ya kawaida usiitumie, maana tanuri lenyewe linaivuta. Tumia kivuli cha jua na saa sahihi. Na jambo ambalo hutalikuta kwenye maelekezo ya Ulaya: kwetu ikweta, jua la adhuhuri linakaa utosini, kivuli ni kifupi kama kidole gumba na kinageuka haraka. Fanya kazi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa. Katikati lala.

Tatizo kubwa zaidi ni ile orodha ya kulinganishia. Afrika ina vipimo vichache. Mwaka 2015 John Tarduno na wenzake walichapisha vipimo kutoka bonde la Limpopo, kwenye sakafu za vibanda na maghala ya nafaka vilivyochomwa na wakulima wa Zama za Chuma, na ikawa habari kubwa kwa sababu eneo hilo la dunia lilikuwa karibu tupu. Kwa Afrika Mashariki unategemea mifano ya dunia nzima inayokisia kutokana na vipimo vya mbali. Tanuri la miaka 2,000 iliyopita utapata jibu pana, pengine pana kuliko ulilokuwa nalo.

Basi kwa nini usitumie kaboni 14 tu, ile njia ya kupima umri wa makaa? Mara nyingi ndiyo, tumia hiyo. Makaa yaliyonaswa ndani ya mavi ya chuma ni sampuli nzuri sana, na ni rahisi kuyapeleka. Ila kaboni 14 ina mabonde yake mawili. La kwanza ni kati ya mwaka 800 na 400 KK, ambapo tarehe zote hukaribiana, na hicho ndicho kipindi ambacho watu hubishania mwanzo wa chuma katika nchi za Maziwa Makuu. La pili huanzia karibu 1650 BK. Makaa ya tanuri la siku za wafalme wa mwisho wa Bunyoro kabla ya ukoloni yatakuambia "ama karne ya 17, ama ya 18, ama ya 19", na utabaki ulivyokuwa. Katika bonde hili la pili sumaku inaweza kusaidia, kwa sababu mabaharia waliandika usomaji wa dira zao kwa karne nyingi, na mfano wa dunia uliotengenezwa kutokana na daftari hizo unaanza mwaka 1590. Kwa tanuri la karibuni lenye sakafu nzima, kipande cha ukuta kinaweza kuchagua karne ambayo makaa yameshindwa kuichagua. Kwa tanuri la kale sana, kata kwa ajili ya wengine: kipimo chako kikiambatana na tarehe nzuri ya makaa kitaijenga ile orodha inayokosekana.

Ningechagua nini

Mwalimu mwenye klabu na pesa za soda: sumaku ya spika, kavera, daftari, na kapamita ya kuazima kwa wikendi moja. Usichimbe. Chora mavi ya chuma yanakoanza na yanakoishia, na hilo peke yake ni kazi ambayo watafiti watakushukuru.

Ekari nyingi zinazongojea barabara au bomba: gradiomita, mistari ya nusu mita, kisha kapamita juu ya kila doa. Usiruke hatua hiyo ya pili kwa kuokoa siku moja.

Mahali pa volkano: weka mashine garini, tembea kwa macho, uliza wazee.

Mahali palipokwishafukuliwa, kama Munsa kule Kakumiro, ambako uchimbaji wa 1988 hadi 1995 ulikuta mabaki ya tanuri la udongo la kuyeyushia chuma: sina sababu ya kukodi gradiomita kutafuta kilichopatikana. Hapo swali ni la joto na la wakati, na dawa yake ni vipande.

Kabla ya kukata chochote, pata kibali cha idara ya serikali inayosimamia makumbusho na maeneo ya kale, na kama ni utafiti, cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kutoa sampuli nje ya nchi ni kibali kingine tena. Gradiomita na kapamita haziharibu kitu. Kisu na plasta vinaharibu. Nimeshuhudia sakafu nzuri ya tanuri ikitobolewa kama chandarua kwa sampuli ambazo baadaye hazikupelekwa popote.

Kwa Mzee Araali, tanuri la kwanza lilikuwa limepasuliwa na mzizi, tukapima ukuta wake kwa kapamita, tukachukua makaa, tukafunika. La pili sakafu yake ilikuwa nzima, nyekundu pembeni na buluu-kijivu katikati, donge bado shimoni. Tulikata vipande kumi na viwili kati ya saa moja na saa tatu na nusu asubuhi, kila kimoja na mshale wake. Viko kwenye sanduku la mbao ofisini kwangu, mbali na kabati la chuma, vikingoja kibali cha kutoka nje ya nchi. Yeye amepanda maharage kuzunguka vigingi.